Mkutubi Aliniuliza Swali Ambalo Google Haikuniuliza

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo nataka kuwatetea watu ambao sisi wa tarakilishi tumewasahau, na ambao wengi wetu tumewahi kusema kwamba kazi yao imekwisha. Ninasema juu ya wakutubi. Ndiyo, wale wanaokaa nyuma ya meza maktabani. Na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo, acha nianze kwa kuungama.

Guka wangu (yaani babu, kama tunavyomwita huku kwetu) ana shamba dogo la kahawa upande wa Gatundu. Shamba hilo kwa kweli lilikuwa la cucu, nyanya yangu. Guka alitumia miaka yake mingi akiendesha malori, na mambo ya mibuni alimwachia mkewe. Cucu alipofariki, guka akabaki na mibuni asiyoijua vizuri. Mwaka jana, mwezi wa pili, akanipigia simu.

"Wewe unayefanya kazi na kompyuta," akasema, "nitafutie ratiba ya kupiga kahawa dawa. Mwaka uliopita matunda yalikuwa yanageuka meusi na kuanguka yakiwa bado mabichi."

Kwangu mimi hilo lilikuwa swali jepesi mno. Mimi hulipwa kutafuta majibu! Hitilafu ikitokea kwenye programu, nainakili, naibandika Google, na baada ya dakika tano nimepata mtu huko duniani aliyekutana nayo kabla yangu. Basi niliketi hapa Ruiru na kikombe cha chai, nikatafuta, nikasoma kurasa tatu nne, nikaiomba na akili mnemba inipangie kila kitu kwenye jedwali. Dakika 20 tu. Jedwali lenyewe lilipendeza, lina rangi na miezi yote 12. Nikalichapisha, nikampelekea guka Jumamosi.

Guka akanunua dawa. Halafu jioni moja akanipigia tena.

"Karatasi yako inasema mvua inaanza mwezi wa kumi, na kwamba huo ndio mwanzo wa kazi. Hiyo ni mvua gani? Si mvua ndefu huanza mwezi wa tatu?"

Nikarudi kuangalia nilikotoa jedwali. Brazil. Ratiba yangu nzuri ilikuwa ya mkulima wa Brazil, ambako mvua ya kahawa huanza karibu mwezi wa kumi. Na lililo baya zaidi, dawa aliyokuwa amekwisha kuinunua ilikuwa ya kutu ya majani. Ugonjwa unaogeuza matunda mabichi kuwa meusi, chulebuni, ambao wakulima wa Kenya huuita CBD, uko Afrika pekee. Brazil hawana. Nilikuwa nimemwomba ushauri mtu ambaye hajawahi kuuona ugonjwa wa guka. Pesa za dawa zilikuwa zimekwisha kwenda, na mvua ilikuwa inakaribia.

Sasa sikilizeni mkasa wa pili.

Wiki hiyo nilikuwa Thika kwa shughuli nyingine, na mtu niliyepaswa kukutana naye akachelewa. Nikaingia maktaba ya umma, si kusoma kitabu, la hasha. Nilitaka kiti na mahali pa kuchaji kipakatalishi. Nikafungua, nikaanza tena kutafuta mambo ya kahawa. Mkutubi mmoja, mama wa makamo, akapita karibu na meza yangu akaniuliza:

"Unatafuta nini, kijana wangu?"

"Asante mama, niko sawa. Natumia intaneti."

Akacheka. "Intaneti hata mimi ninayo. Nimekuuliza unatafuta nini."

Nikamwambia natafuta habari za kahawa. Akavuta kiti. Maswali yaliyofuata nayakumbuka moja moja, kwa sababu baadaye niliyaandika.

Kahawa ya kulima, ya kuuza au ya kunywa? Ya kulima. Ni wewe utakayesoma au ni mtu mwingine? Ni guka. Anasoma lugha gani, na macho yake yako vipi? Kiswahili na Kikuyu, na maandishi madogo hayaoni. Shamba liko wapi? Gatundu. Shida yenyewe ni nini? Matunda yanakuwa meusi. Mibuni yake ni ya aina gani?

Hapo nikanyamaza.

"Sijui," nikasema. "Kahawa ni kahawa."

"Hapana," akasema. "Mpigie simu."

Nikampigia guka. Naye hakujua, lakini akasema ngoja, nitazame daftari la cucu yako. Kumbe cucu alikuwa akiandika kila kitu katika daftari la shule: tarehe ya kupanda, safu ngapi, miche ilitoka wapi. Safu za juu zilikuwa SL28, mibuni ya zamani. Safu za chini zilikuwa Ruiru 11. Mkutubi akanong'ona, "Muulize zilizoathirika ni zipi." Guka akajibu bila kufikiri: za juu tu.

Jamani, mimi ninaishi Ruiru. Kila siku napita kwenye bango la jina hilo. Na sikujua kwamba kuna mbuni unaoitwa kwa jina la mji wangu! Ruiru 11 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1985, baada ya kazi ya miaka mingi katika kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko hapa hapa Ruiru. Utafiti huo ulianzishwa kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1960 chulebuni iliwafilisi wakulima wengi. Aina hiyo inahimili chulebuni na kutu ya majani pia. SL28, iliyochaguliwa katika maabara ya Scott miaka ya 1930, inasifiwa duniani kote kwa ladha, lakini chulebuni huiangusha upesi.

Kwa hiyo nusu ya shamba la guka haikuhitaji dawa ya magonjwa hayo. Nusu nyingine iliihitaji, lakini si ile niliyomwambia anunue, na ilitakiwa ianze kupigwa kabla ya mvua ndefu, si mwezi wa kumi. Ratiba moja kwa shamba zima, hata ingekuwa ya Kenya, ingekuwa makosa.

Mama yule hakujifanya mtaalamu wa kilimo. Aliniambia waziwazi, "Mimi kahawa naijua kwa kuinywa tu." Alinipeleka kwenye rafu, akatoa kijitabu chembamba cha wakulima, akanionyesha ukurasa wenye picha za matunda yenye chulebuni. Kisha akaniandikia kwenye kikaratasi: kata tawi lenye dalili, lipeleke kwenye taasisi ya utafiti wa kahawa, waonyeshe na daftari la cucu. "Si umesema unakaa Ruiru? Umetoka kwenu kuja kuuliza mahali pa kwenda kwenu."

Nilicheka, lakini iliniuma.

Basi nimelifikiria jambo hili kwa muda, na haya ndiyo maoni yangu.

Google hujibu swali uliloandika. Mkutubi hutafuta kwanza swali ulilo nalo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Sisi wasanidi wa programu tunalijua hili, au tunapaswa kulijua. Mteja akija akasema "nataka programu ya kuhesabu mifuko," mwanafunzi ataanza kuandika msimbo usiku huo huo. Aliyekomaa atauliza: mifuko ya nini, nani anahesabu, kwa nini, na leo mnahesabu vipi? Nusu ya saa ya maswali huokoa miezi mitatu ya kazi ya bure. Wakutubi wana mafunzo maalumu ya mazungumzo ya namna hiyo, na wamekuwa wakiyafanya tangu zamani, kabla hata ya tarakilishi kuzaliwa. Ni taaluma inayosomewa chuo kikuu. Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifundisha sayansi ya habari tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Yule mama hakukaa pale kulinda viti.

Hebu tazama hata namba zilizo kwenye migongo ya vitabu. Mfumo wa Dewey, uliochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876, unaweka kilimo cha kahawa kwenye 633.73. Lakini kahawa kama kinywaji iko kwenye 641, utengenezaji wake kiwandani uko kwenye 663, na uchumi wa zao hilo uko kwenye 338. Neno ni moja, rafu ni nne. Ndiyo maana yule mama aliniuliza kwanza kama nataka ya kulima, ya kuuza au ya kunywa. Hakuwa anapiga soga. Alikuwa anachagua rafu. Mimi niliandika "kahawa" na "dawa" kwenye kisanduku cha Google nikatarajia mashine ikisie mengine.

Na kama wewe ni mpenzi wa Google, ujue kwamba Google yenyewe ni mtoto wa maktaba. Larry Page na Sergey Brin waliianza kazi ile wakiwa wanafunzi Chuo Kikuu cha Stanford, ndani ya mradi wa maktaba za kidijitali. Wazo la kupima uzito wa ukurasa kwa kutazama kurasa nyingine zinazouelekeza lina undugu na kazi ya Eugene Garfield, ambaye mwaka 1964 alitoa faharasa inayoonyesha ni makala gani ya sayansi imetajwa na makala gani. Garfield alikuwa na shahada ya ukutubi. Kwa hiyo tunapomcheka mkutubi tukiwa na Google mkononi, tunamcheka mama mkwe huku tunakula chakula chake.

Kuna watakaosema: hayo yalikuwa mambo ya Google, sasa tuna akili mnemba, unaiuliza kama mtu. Ni kweli, na mimi naitumia kila siku kazini. Lakini ndiyo hiyo hiyo iliyonipangia jedwali la Brazil kwa lugha tamu, bila kusita hata kidogo. Mwaka 2023 kule New York, mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi za zamani kama ushahidi wa hoja zao, na kesi hizo hazikuwahi kuwapo. ChatGPT ilikuwa imezibuni. Jaji akawapiga wao na kampuni yao faini ya dola 5,000. Hawa ni watu waliosomea sheria! Mkutubi wa sheria angewauliza jambo moja tu: kesi hii imechapishwa wapi? Hapa Kenya sheria na hukumu nyingi ziko wazi na bure kwenye tovuti ya Kenya Law, lakini bado mtu hana budi kujua kwamba ziko huko. Nani atakwambia? Anayejua habari zinakaa wapi.

Tofauti kubwa niliyoiona siku ile ni hii: mama yule alijua mahali ambapo maarifa yake yanaishia. Alisema "mimi sijui, lakini anayejua yuko pale." Mashine yangu haikusema "sijui" hata mara moja.

Sasa tuwe wakweli. Si kila maktaba itakupokea hivyo. Nimewahi kuingia maktaba moja, mhudumu hakuinua hata macho kwenye simu yake. Vitabu vingi vimezeeka. Mengi kati ya maktaba zetu yamegeuka vyumba vya kusomea mitihani: wanafunzi wanakuja na vitabu vyao wenyewe, wanakaa kutwa, wanaondoka, na hakuna aliyemsemesha mkutubi zaidi ya kuuliza choo kiko wapi. Hiyo si hatia ya wanafunzi, kwani nyumbani hakuna nafasi wala utulivu. Lakini mkutubi asiyeulizwa kitu mwaka mzima ni kama mpishi asiyepikishwa. Mwisho wake utasikia mpishi mwenyewe si wa lazima.

Na hapo ndipo penye hatari. Katiba ya 2010 ilizikabidhi maktaba kwa serikali za kaunti. Soma Jedwali la Nne uone: maktaba zimeorodheshwa katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe, sinema na makumbusho. Bajeti ya kaunti ikija, maktaba inashindana na barabara, hospitali na maji. Mwakilishi wa wadi atauliza: huko maktabani watu wanafanya nini? Tukijibu "wanakalia viti," basi viti vitanunuliwa na mkutubi ataachwa. Tukijibu "mkulima wa Gatundu aliokoa kahawa yake huko," hilo ni jibu jingine.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya nisikubali mlango huu ufungwe. Ukitoka Ruiru kwenda Thika unapita Juja. Pale Juja palikuwa na shamba la William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Alifariki mwaka 1925 akazikwa kwenye mlima wa Ol Donyo Sabuk, ule tunaouona ng'ambo ya Thika. Mkewe alijenga maktaba Nairobi kwa kumbukumbu yake, nayo ikafunguliwa mwaka 1931. Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia humo hadi mwaka 1958.

Guka alizaliwa mlango ule ukiwa bado umefungwa. Wakati huo hata angekuwa na swali, hakuwa na haki ya kumuuliza mkutubi. Huduma ya kitaifa ya maktaba iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965, miaka miwili tu baada ya uhuru, maana waliopigania uhuru walijua kufungiwa nje ni nini. Huduma hiyo ilifika hadi kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia kuanzia mwaka 1996. Mkutubi anamfuata msomaji jangwani kwa ngamia, nami ninayepita mbele ya mlango wake kwa matatu sishuki!

Zamani, siku za saiba, tulikuwa tunalipa shilingi moja kwa dakika hapa mjini. Ulikuwa ukikwama, unamwita mhudumu: "Boss, nisaidie hapa." Tulikuwa tunauliza. Baada ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009 na intaneti kuingia mifukoni mwetu, tukaacha kuuliza watu. Kila mmoja anatafuta peke yake, anakosea peke yake, na hakuna wa kumwambia, "Hebu ngoja, hii mvua ni ya wapi?"

Kwa hiyo nina ushauri mfupi kwa anayetaka kujaribu.

Kwanza, mwambie mkutubi shida yako, usimwambie kitabu unachodhani unakitaka. Usiseme "nataka kitabu cha kahawa." Sema "kahawa ya guka inaanguka."

Pili, sema jibu ni la nani. La mtoto wa darasa la sita, la mzee asiyeona vizuri, au la ripoti ya kazini? Majibu si mamoja.

Tatu, mwambie ulikokwisha kutafuta na ulichokipata, hata kama ni aibu. Nilipomwonyesha yule mama jedwali langu la Brazil, aliona kosa papo hapo.

Nne, kubali kuulizwa. Mtu akikuuliza maswali sita kabla ya kukujibu, anakusaidia.

Tano, rudi umwambie kama ulifaulu. Mkutubi naye anajifunza, na tena hakuna mtu anayerudi.

Simwambii mtu aache Google. Nitaitumia kesho asubuhi, na kwa hitilafu za programu bado sijaona mfano wake. Ninachosema ni kwamba jambo likigusa pesa, afya, ardhi au shamba la mtu, na hasa likiwa la hapa kwetu, kabla ya kuamini kisanduku kile tafuta binadamu ambaye kazi yake ni kukuuliza swali lako ni lipi. Yupo. Analipwa kwa kodi yako. Amekaa pale anasubiri.

Guka alipeleka tawi lake na daftari la cucu. Dawa ya kutu bado iko ghalani kwake, na hukosi kunikumbusha bei yake kila ninapomtembelea. Safu za juu zilipigwa dawa inayofaa kabla ya mvua, na msimu uliofuata matunda yalishika.

Juzi kanipigia tena, safari hii ni mambo ya nyuki. Nikafungua kipakatalishi kama kawaida yangu. Akanisikia nikibonyeza.

"Wewe acha hiyo," akasema. "Nenda Thika, kamuulize yule mama."